Uhuru wa Kuvaa Katika Ofisi za Ubunifu: Wasomaji Wanauliza

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya safu hii zimetoka kwa watu wanaofanya kazi katika kampuni za matangazo, studio za video na sauti, ofisi za wabunifu wa michoro na vikundi vya watengenezaji wa programu za simu hapa Dar es Salaam. Karibu zote zinauliza nani mwenye mamlaka ya kuamua mtu avae nini anapokwenda kufanya kazi ambayo ameajiriwa kwa sababu ya upekee wa mawazo yake. Tumechagua tano na kuzifupisha, na majina ya waandishi pamoja na ya kampuni zao tumeyaacha.

Shikamoo Mshauri. Mimi ni mbunifu wa michoro katika kampuni ya matangazo iliyopo Mikocheni, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Siku ya usaili mkurugenzi wa wakati ule alitazama fulana na raba zangu, akaniambia kwamba kwao hakuna anayevaa tai na kwamba wao wanaajiri kichwa. Mwaka huu amekuja meneja mkuu mpya aliyetokea benki. Katika kikao cha Jumatatu alitangaza kwamba wanaume wote wavae shati la kuchomekea na suruali ya kitambaa, na kwamba nywele "zisizo za kiofisi" hazitakiwi. Mimi nina dredi. Hakuna waraka wowote ulioandikwa. Nimeshaonywa mara mbili kwa mdomo, wakati mhariri wa video ambaye ni rafiki yake anaingia na kaptura bila kuulizwa. Je, anaweza kunifukuza kwa sababu ya nywele na raba?
*Mbunifu, Mikocheni*

Marahaba, ndugu yangu. Mwajiri ana haki ya kuweka utaratibu wa mavazi katika ofisi yake, na anaweza kuubadilisha hata kama mkurugenzi aliyemtangulia alikuwa na msimamo mwingine. Asichoweza kufanya ni kukuadhibu kwa utaratibu unaokaa kichwani mwake tu, ambao hutajwa Jumatatu mbele ya watu wote na kufikia Jumanne umekwisha kumsahau rafiki yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa chini ya sheria hiyo mwaka 2007, katika Tangazo la Serikali Na. 42, zinaeleza mambo ya kuzingatia pale mfanyakazi anapotuhumiwa kuvunja kanuni ya kazini: kama kanuni yenyewe ni ya busara, kama iko wazi, kama mfanyakazi aliifahamu au alitarajiwa kuifahamu, kama mwajiri ameitumia kwa watu wote bila upendeleo, na kama adhabu inalingana na kosa. Kanuni hizo pia zinasema kwamba kosa la kwanza halitoshi kumwachisha mtu kazi, isipokuwa liwe zito kiasi cha kufanya ajira isiweze kuendelea.

Lipime suala lako kwa mizani hiyo. Kuifahamu amri unaifahamu, maana ulikuwepo kikaoni, kwa hiyo usijitetee kwamba hukusikia. Shati la kuchomekea na suruali ya kitambaa ni maelekezo yanayoeleweka, na sioni msuluhishi wa migogoro ya kazi atakayeyaita ya uonevu hata kama wewe na mimi tunayaona hayana maana kwa mtu anayeshinda mbele ya kompyuta akichora. Panapolegalega ni kwenye "nywele zisizo za kiofisi", maneno ambayo kila anayeyasikia atayapa tafsiri yake. Palipovunjika kabisa ni kwenye upendeleo, kwa sababu amri inayokuhusu wewe na isimhusu mwenye kaptura haijatumika kwa wote.

Nywele zinastahili kutazamwa peke yake. Shati hulivua jioni ukafika nyumbani ukawa mtu wako, lakini nywele hulala nawe, huenda nawe harusini na msibani, na anayekuamuru uzikate anaamua jinsi utakavyoonekana saa 24 kwa kazi ya saa nane. Kama dredi zako ni za imani ya Kirastafari, jambo hilo linagusa dini, na dini imo katika orodha ya misingi ambayo sheria ile ya 2004 inakataza mtu kubaguliwa kwayo. Kama ni mtindo tu, kinga hiyo hunayo, na nisingependa ukaenda kwa msuluhishi ukiwa umejazwa matumaini na marafiki wa kijiweni. Itakubidi ujenge hoja yako kwamba kanuni hiyo si ya busara katika kazi ya aina yako.

Kwa sasa mwandikie meneja barua pepe fupi yenye heshima, umwombe utaratibu huo kwa maandishi, na uulize unaanza lini, unawahusu nani na unasema nini hasa kuhusu nywele. Usitaje kaptura ya mtu yeyote katika barua hiyo ya kwanza, kwa sababu ukiitaja mazungumzo yatageuka kuwa umbea na wewe utaonekana mchongezi. Hifadhi nakala nje ya barua pepe ya ofisi. Wakati unasubiri jibu, vaa shati. Ukiendelea kuingia na fulana ili kuonyesha msimamo, shauri litaacha kuwa la mavazi na kuwa la kukaidi maagizo, na hapo utakuwa umempa meneja kosa lililo zito kuliko lile alilokuwa nalo. Nywele usiziguse mpaka upate maandishi, maana shati unaweza kulivua wakati wowote, lakini dredi za miaka mitatu hazirudi kwa wiki moja.

Ikifika mahali ukaachishwa kazi, una siku 30 za kupeleka mgogoro mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo wengi huiita CMA. Migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Wasomaji wengine waelewe kwamba mwenye ajira isiyofika miezi sita kwa mwajiri huyo hana kinga hii ya kuachishwa isivyo haki, kwa hiyo kijana aliyeanza kazi juzi asijipime kwa barua hii.

Nimtetee kidogo meneja wako. Mteja wa benki humkabidhi karani fedha zake akiwa hamjui hata kwa jina, na shati lililopigwa pasi ni sehemu ya ahadi kwamba fedha hizo ziko salama. Ametumia miaka mingi katika mazingira hayo, na haishangazi kwamba amehamia kwenu na kabati lake zima. Ila mteja wa kampuni ya matangazo hununua kitu ambacho bado hakijakuwepo, na wengi wao huingiwa na mashaka wanapoletewa wazo jipya na mtu aliyevaa kama mhasibu wao wenyewe. Inawezekana pia kuna mteja mkubwa aliyelalamika na meneja hataki kumtaja. Muulize ana kwa ana, siku ambayo hajakuita yeye.

Mshauri, mwanangu wa kiume ameajiriwa na kampuni ya vijana wanaotengeneza michezo ya simu, huko Kijitonyama. Huondoka nyumbani saa nne asubuhi amevaa kaptura na makobazi, na majirani wananiuliza kwa huruma kama bado anatafuta kazi. Mshahara anaupata, na kodi ya nyumba ananisaidia. Nimwambie nini?
*Mama, Temeke*

Shikamoo Mama. Usimwambie kitu. Kazi yake ni kuandika maelekezo ya kompyuta akiwa amekaa kitini na wenzake waliovaa kama yeye, na hakuna mteja anayeingia humo ambaye atamdharau kwa makobazi. Pale atakapokwenda benki kuomba mkopo, au ofisi ya serikali ya mtaa kuchukua barua ya utambulisho, hapo mkumbushe suruali ndefu, kwa sababu huko ataongea na watu wanaosoma nguo kabla ya kusoma karatasi. Majirani wanaouliza kwa huruma wajibiwe kwamba kazi anayo na kodi imelipwa.

Mimi ni mpiga picha wa video katika kampuni binafsi hapa Kinondoni, na ndiye mwanamke pekee katika timu ya uwanjani. Wenzangu wanaume huvaa kaptura na singlendi. Mwezi uliopita nilivaa gauni lisilo na mikono linaloishia magotini, nikaitwa na afisa utumishi akaniambia kwamba ninawakosesha wenzangu umakini, kisha akanitajia waraka wa serikali kuhusu mavazi. Wiki hiyohiyo tulikwenda kurekodi mahojiano katika ofisi moja ya serikali na gauni hilo, nikazuiwa getini, wakati mwenzangu alipita kwa kuwa siku hiyo alikuwa na jinzi. Sasa sijui ni nani mwenye haki.
*Mpiga picha, Kinondoni*

Dada yangu, hayo ni mambo mawili, na afisa utumishi wako ameyachanganya kwa kujua au kwa kutokujua. Waraka anaousema upo. Ni Waraka wa Maendeleo ya Utumishi wa Umma Na. 3 wa mwaka 2007, unaohusu mavazi ya watumishi wa umma, na unakataza nguo fupi, za kubana na zinazoonyesha mwili. Unamhusu karani wa wizara na mwalimu wa shule ya serikali. Kampuni binafsi ikiupenda, iuandike katika taratibu zake, iupeleke kwa wafanyakazi wake wote na iutumie kwa wote, ikianzia na hao wenye singlendi. Haiwezi kuuazima kwa siku moja kwa ajili ya mtu mmoja.

Getini ni habari nyingine. Pale ulikuwa mgeni, na ofisi nyingi za umma hubandika mlangoni michoro ya nguo zisizoruhusiwa ikiwa imepigwa mstari mwekundu, wala mlinzi hana uwezo wa kukuruhusu kwa sababu tu umebeba kamera. Waliozoea kazi hiyo hutembea na khanga au kitenge ndani ya begi la vifaa, na khanga hiyo haikai bure: inafunikwa juu ya kioo cha kutazamia picha nyuma ya kamera jua la saa saba linapofanya picha isionekane, inazuia vumbi njiani, na ikifika getini inafungwa kiunoni. Lakini kosa la siku ile halikuwa lako peke yako. Anayepanga safari ya kurekodi ndiye anayepaswa kuuliza masharti ya mahali mnapokwenda na kuiarifu timu nzima jioni ya kuamkia safari, sawa na anavyouliza kama kuna soketi za umeme.

Hilo la "kuwakosesha wenzako umakini" silikubali hata kidogo. Mwanamume mzima anayelipwa kushika kamera, akishindwa kuishika kwa sababu mwenzake ana mabega, ana tatizo la kazi ambalo ofisi inapaswa kulizungumza na yeye. Sheria ya ajira inataja jinsi na jinsia miongoni mwa misingi isiyoruhusiwa kubaguliwa, na inasema pia kwamba unyanyasaji unaotokana na misingi hiyo ni aina ya ubaguzi. Kanuni inayopima gauni la mwanamke kwa macho ya wanaume na kuiacha kaptura ya mwanamume ipite haina pa kujificha mbele ya maneno hayo. Andika tarehe uliyoitwa, maneno uliyoambiwa na nani alikuwepo, ukingali unakumbuka vizuri.

Mabishano haya ni ya zamani katika mji huu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana, na kampeni hiyo iliyoitwa Operesheni Vijana ikapangwa kuanza tarehe 1 Januari 1969 hapa Dar es Salaam. Hata kabla ya tarehe hiyo, makundi ya vijana yalikwisha kuwavamia wasichana Kariakoo. Kurasa za barua za magazeti zilijaa hoja za kila upande, na wapo waliouliza kwa nini sketi fupi iitwe ya kigeni na suti isiitwe hivyo. Suruali za kubana zilikuwamo katika orodha, lakini waliofukuzwa mitaani walikuwa hasa wanawake. Miaka hiyohiyo, na hili hunifanya nicheke kila ninapolifikiria, serikali ilikuwa ikiwashinikiza Wamasai waache mavazi yao ya mabegani na wavae suruali. Yaani kundi moja lilikosea kwa kuvaa za kigeni na kundi jingine kwa kutozivaa.

Ninachokushauri ni kuomba kanuni moja inayopimika. Kama goti ndiyo alama, iwe alama ya gauni na ya kaptura. Kama mabega hayaruhusiwi, singlendi nazo ziondoke. Ukiomba hivyo hutakuwa unatetea gauni lako, na nina hakika hao wenye singlendi, mambo yakiwafikia, watagundua ghafla kwamba walikuwa na maoni siku zote.

Nina miaka 47, ni mwandishi wa matangazo, na tangu ujana wangu ninavaa suti ya Kaunda au shati na tai. Ofisi niliyohamia ina vijana wa fulana na raba. Wananiita "Mheshimiwa", jambo ambalo silijali sana, lakini bosi ameniambia kwa utani kwamba nitawatisha wateja, na walipopiga picha za wafanyakazi kwa ajili ya tovuti niliachwa. Je, uhuru huu wa mavazi haunihusu?
*Mwandishi, Oysterbay*

Unakuhusu kama unavyowahusu wao, na barua yako imenigusa kuliko zote za mwezi huu. Tazama vizuri hiyo ofisi ya "vaa upendavyo" na utakuta raba nyeupe za aina moja, fulana nyeusi isiyo na maandishi, suruali iliyokunjwa juu ya kifundo cha mguu na miwani ya fremu nene. Ni sare, isipokuwa haijaandikwa na kila mtu amejinunulia mwenyewe, kwa bei inayozidi ile ya suti yako kwa fundi wa Mwenge.

Hata hiyo desturi ya kulegeza mavazi ofisini ina historia ya biashara ndani yake. Huko Hawaii, mwaka 1962, watengenezaji wa nguo waligawa mashati ya maua kwa wajumbe wa Bunge la jimbo ili wayavae kazini, na kufikia mwaka 1966 Ijumaa ilikuwa imetangazwa kuwa siku ya mashati hayo. Mwaka 1992 kampuni ya Levi Strauss ilisambaza kijitabu cha mavazi mepesi ya kazini kwa maofisa utumishi wapatao 25,000 nchini Marekani, na suruali zilizokuwa zikipigiwa mfano zilikuwa za kwake. Wewe ni mtu wa matangazo. Unaelewa kazi nzuri ukiiona.

Jina la utani livumilie kama unavyolivumilia. Picha usiivumilie. Mwambie bosi wako, kwa upole na mkiwa wawili, kwamba mteja anayefungua tovuti ana haki ya kumwona mtu atakayemwandikia tangazo, na umwombe mpiga picha arudi. Kwenda na suti ni lazima.

Ninamiliki studio ndogo ya video na sauti, Sinza, yenye watu tisa. Hatujawahi kuwa na kanuni za mavazi. Nyuma ya mlango tuna koti moja jeusi, na yeyote anayekwenda kwa mteja hulivaa, awe mnene au mwembamba. Mwezi huu mfanyakazi mmoja alikwenda kikaoni kwa mteja wa kampuni ya simu akiwa amevaa fulana yenye rangi ya mshindani wake, na kikao kikaanza vibaya. Ninataka kuandika kitu, lakini sitaki kuigeuza studio kuwa shule ya bweni. Niandike nini?
*Mwenye studio, Sinza*

Kampuni ya magari ya General Motors ya Marekani ilikuwa na mwongozo wa mavazi wa kurasa kumi, mpaka Mary Barra, aliyeshika usimamizi wa rasilimali watu mwaka 2009, alipoufuta na kuacha maneno mawili: vaa inavyofaa. Meneja mmoja alilalamika kwamba maneno hayo hayatoshi, kwa kuwa baadhi ya watu wake walikuwa wakivaa jinzi na mara kwa mara huitwa ghafla kuonana na maofisa wa serikali. Barra alimtaka azungumze na timu yake, na jibu walilolipata ni kwamba wachache wanaoitwa kwenye vikao hivyo wataweka suruali rasmi kabatini. Koti lenu la mlangoni ni jibu hilohilo, na mmelifikia bila kurasa kumi. Liongezeeni la pili la saizi ndogo, maana mhariri mwembamba aliyevaa koti la mtu mnene haonekani nadhifu, anaonekana ameazima.

Hata hivyo sikushauri uishie kwenye maneno mawili. Katika studio ya watu tisa, atakayeamua kinachofaa ni wewe mwenyewe kwa kutazama tu, na siku utakapokuwa umeamka vibaya kitakachofaa kitapungua. Andika nusu ukurasa, na kila mstari utoke kwenye kazi. Mstari usioweza kuupa sababu ya kazi uufute, hata kama moyo wako unaupenda.

Sababu za kazi mnazo nyingi. Atakayesimama mbele ya pazia la kijani, lile ambalo kompyuta hulifuta ili kuweka mandhari nyingine, asivae kijani, la sivyo kompyuta itamfuta kiwiliwili pamoja na pazia. Atakayehojiwa mbele ya kamera aepuke shati lenye mistari myembamba iliyosongamana, kwa sababu kwenye picha mistari hiyo hucheza kama mawimbi na hakuna mhariri atakayeituliza. Katika chumba cha kurekodia sauti, koti la nailoni na bangili hubaki nje: maikrofoni inayonasa pumzi ya msomaji haitashindwa kunasa mkwaruzo wa mkono wake. Anayepanda ngazi kufunga taa avae viatu vinavyofunika vidole na asivae ndala, na hapo kumbuka kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakutaka wewe utoe vifaa vya kujikinga, si kumwambia akanunue mitumba Karume. Na katika kikao cha mteja, hakuna rangi wala nembo ya mshindani wake. Kampuni zetu za simu zimewekeza fedha nyingi ili mtu akiona rangi fulani awakumbuke wao, kwa hiyo mteja wako hakuwa na kinyongo cha kitoto, aliona tangazo la mshindani wake likiingia ofisini kwake.

Fulana za kampeni za vyama ziweke katika mstari wake. Nyingi hutolewa bure, zinadumu, na kijana aliyeamka amechelewa huvaa iliyo juu ya rundo bila nia yoyote ya siasa. Mteja aliyeketi mbele yake hajui habari za rundo. Kataza za vyama vyote kwa pamoja, zikiwamo za chama unachokipenda wewe.

Kuna mistari ambayo huhitaji kuiandika kabisa. Usiandike kuhusu urefu wa ndevu, hereni, mtindo wa kusuka wala chale za mwilini, kwa kuwa hakuna hata kimoja kinachoharibu sauti au picha. Hijabu na kofia ya ibada usizitaje kama ruhusa unayoitoa. Dini inalindwa na sheria, na kumpa mtu ruhusa ya kitu kilicho haki yake ni kumdokeza kwamba unaweza kuiondoa. Kanzu za Ijumaa zimo katika mji huu tangu kabla ya studio yako, na vitenge vya Ijumaa vimezifuata, kwa hiyo siku hiyo waache watu wapendeze wenyewe bila tangazo.

Lipo pia suala la joto, ambalo wenye ofisi hulisahau kwa kuwa wao huja na gari. Mtu anayetoka Mbagala kwa mwendokasi na daladala mwezi wa Januari, joto likiwa limepita nyuzi 30 na hewa imejaa unyevu wa bahari, shati lake la mikono mirefu hufika Sinza likiwa limegandamana na mgongo, na saa ya kwanza ya kazi yote huisha akijikausha chini ya kiyoyozi kilichowekwa baridi kwa ajili yake. Umeme huo unaulipa wewe. Wizara ya Mazingira ya Japani ilianzisha mwaka 2005 kampeni iliyoitwa Cool Biz, ambayo ilizitaka ofisi ziweke viyoyozi nyuzi 28 wakati wa kiangazi na kuwaruhusu wafanyakazi kuacha tai na koti, na lengo lake lilikuwa kupunguza matumizi ya nishati. Kwako wewe fulana safi ya pamba inaweza kufanya kazi hiyohiyo katika gharama za LUKU, umeme unaoulipia kabla, ingawa chumba cha mashine za kuhariri kitaendelea kudai baridi yake bila kujali nani amevaa nini.

Kama utataka siku moja wote wavae fulana zenye nembo ya studio, zinunue wewe, na ununue za kutosha kubadilisha. Sare inayofuliwa usiku na kuvaliwa asubuhi ikiwa na unyevu haimtangazi mtu.

Rasimu ikikamilika, usiibandike ukutani siku hiyohiyo. Wape wote tisa waisome kwa wiki moja, kisha mkae nayo, uweke tarehe ya kuanza, na kila mmoja asaini nakala yake pamoja na wewe, kwa kuwa nusu ukurasa huo utakuhusu hata siku unayopita ofisini Jumamosi kuchukua funguo. Atakayekataa kusaini kwa sababu ya mstari mmoja, mwulize ni upi na kwa nini, halafu ama uandikwe upya au umweleze sababu yake ya kazi kabla ya tarehe hiyo kufika.